Kwa Nini Mwenye Rubisi Hunywa Kwanza

Mnanung'unika, na mnadhani masikio ya wazee yamekufa. Mtumbwi wa pombe umefunuliwa, harufu imewafika kooni, na mwenye mji amejichotea kibuyu cha kwanza yeye mwenyewe. Anakinywa taratibu mbele yenu, wala haoni haya. Mmoja wenu amesema huo ni uroho. Mwingine, huyo mwenye koti jipya, amesema huko anakoishi siku hizi mgeni ndiye huanza. Basi kaeni vizuri. Rubisi, pombe yetu hii ya ndizi, haina miguu, haitatoroka. Wakati yeye anamalizia kibuyu chake, sikieni ilikuwaje hata mwenye pombe akatangulia kunywa, maana mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo.

Wakati huo wa mwanzo rubisi haikuwapo. Migomba ilikuwapo, na ndizi za kukamua zilikuwapo. Watu walizikata zikiwa mbichi, wakazifukia katika shimo lililotandikwa majani na kutiwa moshi, na zilipoiva walizimenya na kuzimwaga ndani ya mtumbwi uliochongwa kwa gogo zima. Walitia nyasi ndefu juu yake, kisha mwanamume mwenye miguu iliyosuguliwa vizuri akaingia humo akakanyaga mpaka maji yakajitenga na machicha. Maji hayo waliyaita mramba. Yalikuwa matamu, mazito kidogo, na yalinyweka siku ileile kwa wakubwa na wadogo. Hayakumlevya mtu. Watu walikwenda harusini wakarudi na akili zao zote, na ugomvi wao wote pia, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuulegeza.

Desturi ya kunywa nayo ilikuwa kinyume na hii mnayoiona. Aliyekanyaga hakuruhusiwa hata kulamba kidole kabla ya mgeni. Walisema akianza yeye, mgeni atakuwa amepewa makombo. Kwa hiyo mkanyagaji aliketi pembeni na kiu yake, na mgeni mkubwa akanywa kibuyu cha kwanza peke yake huku watu wote wakimtazama. Akikirudisha kitupu kwa mikono miwili, neno lililomleta limekubaliwa. Akikirudisha na kitu ndani, au akikataa kukirudisha, neno limekufa hapohapo, na wageni huaga wakaenda zao.

Siku hizo aliishi mtu mmoja, Kaijage, mkanyagaji ambaye watu walitoka vilima vya mbali kuja kumwita. Mkewe aliitwa Kagemulo, na mtoto wao mkubwa alikuwa binti, Kokusima. Kaijage alikuwa mpole, mwenye wasiwasi mwingi kuliko inavyompasa mtu mwenye miguu mizuri namna ile. Akisikia mbwa amebweka alidhani ni msiba. Lakini katika siku zile alikuwa na sababu ya kuhangaika, maana Kokusima alikuwa amempenda Mugyabuso, na Mugyabuso alikuwa mjukuu wa mzee Rutabingwa.

Ukoo wa Rutabingwa na ukoo wa Kaijage walikuwa hawanywi pamoja. Babu zao waligombania mstari mmoja wa migomba mpakani, na ugomvi ulidumu hata migomba yenyewe ikafa, ikarithiwa na machipukizi, na machipukizi hayo nayo yakafa. Hakukuwa na mtu aliyeweza tena kuonyesha migomba iliyogombaniwa ilikuwa ipi. Hata hivyo Rutabingwa alikuwa ameapa tangu ujana wake kwamba hatatia mdomo kwenye kibuyu cha nyumba ile. Wachumba wengine walikuja kwa Kokusima, akawakataa wote kwa adabu, akazidi kukonda. Mugyabuso naye alimsihi babu yake msimu hata msimu. Mwishowe mzee akachoka, akasema atakwenda mara moja tu. Akirudisha kibuyu kitupu, watoto waoane. Asipokirudisha, asisikie tena jina la msichana huyo maishani mwake.

Habari hiyo ilipofika, Kaijage alikosa usingizi. Alichagua mikungu bora ya shamba zima, akaifukia yote katika shimo moja, asibakize hata mmoja mgombani. Mkewe alimwambia abakize akiba. Yeye akajibu kwamba kwa mgeni kama Rutabingwa hakuna akiba. Siku ya siku ndizi zilitoka shimoni zikiwa na rangi nzuri na harufu ya kumtoa mtu mate, akazikanyaga tangu asubuhi kwa moyo wake wote. Mramba ukachujwa kwa nyasi, ukaujaza mtumbwi mzima. Kaijage akatandaza majani ya mgomba juu yake, akakaa kuwangojea wageni.

Badala ya wageni ikaja mvua. Ilishuka ghafla, kubwa, na Kagemulo alikuwa ameanika uani, kwenye ungo, mtama wake, alioukaanga na kuusaga kwa ajili ya uji wa akina mama watakaosindikiza wageni. Akapiga kelele kutoka jikoni. Kaijage, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa kushika ungo, akauchukua ungo ule mbio na kuuingiza katika banda la mtumbwi. Sakafu ilikuwa imejaa maji tayari. Palibaki mahali pamoja tu pakavu, juu ya majani yaliyofunika mtumbwi. Akauweka hapo, akarudi kuokota kuni.

Aliporudi, jani lilikuwa limepasuka katikati na ungo umezama kwa upande. Unga wote wa mtama ulikuwa ndani ya mramba.

Kaijage aliuopoa ungo, akateka alichoweza kuteka kwa nyasi, lakini unga ulikuwa umekwisha kuenea. Alijifariji kwamba mtama si sumu, watu huula kila siku, na mramba wenye chembechembe bado ni mramba. Akaona heri asimwambie mtu ila mkewe. Mara akafika mjumbe aliyelowa chapachapa kusema kwamba mto umejaa, wageni wamekwama ng'ambo, watavuka maji yakipungua. Basi mramba ambao haukuwahi kulala ukalala mtumbwini pamoja na mtama wake.

Kulipokucha Kaijage alikwenda bandani, akasikia kitu kikinong'ona. Akadhani ni nyuki. Akafunua jani, na moyo ukamruka. Mramba ulikuwa umejaa povu tangu ncha hadi ncha, na vipovu vilikuwa vikipanda na kupasuka kama chungu kilicho jikoni, ila chini yake hapakuwa na moto. Aligusa ubavu wa mtumbwi akakuta una joto. Harufu nayo ilikuwa imebadilika, ikawa kali, ya kupanda puani.

Alimwita mkewe kwa sauti ya chini. Kagemulo akaja, akainama, akanusa, akapiga chafya.

"Baba Kokusima, hiki nini?"

"Ndicho ninachokuuliza wewe."

"Umeharibika?"

"Sijui. Haunuki uozo. Unanukia kitu, lakini sikijui kitu hicho."

"Onja basi."

Kaijage alimtazama kana kwamba amemwambia avue nguo barazani. "Nionje kabla ya Rutabingwa? Akijua nimempa makombo, si ataondoka bila hata kuketi?"

Kagemulo naye hakuweza kuonja, maana makombo ya mke na makombo ya mume yalihesabiwa kitu kimoja. Wakasimama pale wawili, wakitazama povu. Shimo la kuivishia lilikuwa tupu na migomba haina mkungu uliokomaa. Kuwaambia wageni warudi kulikuwa sawa na kumwambia Kokusima amsahau Mugyabuso. Na wakati wanafikiri, walisikia vigelegele vya kuwapokea wageni vikianzia kwa jirani. Mto ulikuwa umepungua.

Kaijage akapiga moyo konde. Akachuja kibuyu cha kwanza kwa nyasi mpya, akakipuliza povu, akakitia mrija, akaenda nacho uani. Alijua anampa mgeni kitu asichokijua, na jambo hilo lilimuuma, lakini alimwona binti yake amesimama mlangoni mwa jiko, amevaa vizuri. Akaendelea kutembea.

Mzee Rutabingwa alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso umekunjamana kama mtu aliyeletwa kwa nguvu. Nyuma yake alisimama Byabato, mwanawe mkubwa, baba yake Mugyabuso, pamoja na Mugyabuso mwenyewe na ndugu kadhaa. Mikuki yao waliiegemeza nje ya ua kwa adabu. Mzee akapokea kibuyu bila neno, akavuta funda la kwanza. Nyusi zake zikapanda. Akautoa mrija mdomoni, akautazama, akaurudisha. Akavuta tena. Kaijage alihesabu mafunda yale kwa kumeza mate.

Kibuyu kilipofika nusu, jambo likatokea ambalo hata mwanawe hakuwahi kuliona. Rutabingwa alicheka. Alicheka peke yake, kwa kitu anachokijua mwenyewe, kisha akavuta tena. Akaanza kusimulia jinsi alivyoanguka mtoni na mbuzi wa watu alipokuwa kijana. Akamwita Kaijage "mwanangu". Akasema ua huu una upepo mzuri sana, kwa nini hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Watu wakaanza kutazamana. Halafu maneno yake yakawa mazito, kichwa kikainama, na mzee akateleza polepole kutoka kwenye kigoda mpaka chini, amekikumbatia kibuyu kifuani, mdomo wazi. Akatulia.

Kumbukeni kwamba mpaka siku hiyo hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona mlevi. Hata neno la kumwitia halikuwapo.

"Baba," alisema Byabato, akapiga magoti, akamtikisa. Mzee hakuamka. Koo lake lilikuwa likitoa mkwaruzo wa ajabu, na Byabato akadhani ndiyo roho inayotoka. Akainua uso. "Umemuua. Tumekuja kwa amani, ukamlisha sumu mzee wetu kwenye kibuyu cha mahari."

Wawili kati ya ndugu walikwisha kutoka kufuata mikuki. Mugyabuso alisimama katikati, hajui aende kwa babu yake au kwa Kokusima, machozi yanamtoka. Wanawake wa jikoni walishika vichwa. Kaijage alitaka kukimbia, na asidanganywe mtu kwamba hakutaka. Lakini alimwona Kokusima, na uso wa binti yule ulikuwa umezimika kabisa, akajua kwamba hata akinusurika leo, atauona uso huo mpaka afe.

"Sikutia sumu, waitu," alisema, akitumia neno la heshima ingawa mikuki ilikuwa inaingia mlangoni. "Mtama wa mke wangu ulianguka ndani, na mimi ndiye niliyeuangusha. Mramba ukalala nao, ukaamka una povu. Niliona umebadilika. Sikuonja kwa kuwa desturi hainiruhusu, na nikampa mzee nikiwa sijui. Hilo ndilo kosa langu, sina jingine."

"Kwa hiyo hujui ulichompa," alisema Byabato.

"Sijui. Lakini nitajua pamoja naye."

Akaingia bandani, akateka kibuyu kizima, akarudi nacho uani. Kokusima akamkimbilia, akamshika mkono. "Baba, usinywe. Nitakaa bila mume. Wengi wamekaa." Kaijage akautoa mkono ule taratibu, akaketi chini ubavuni mwa Rutabingwa, karibu sana hata mabega yao yakagusana, akanywa. Hakunywa kwa ujasiri, macho yake aliyafumba kama mtoto anayepewa dawa. Alikunywa mpaka chini, akakilaza kibuyu, akangojea tumbo likatike.

Tumbo halikukatika. Kwanza lilikuja joto, likaanzia kifuani likashuka hadi vidole vya miguu, ambavyo vilikuwa na baridi tangu asubuhi. Kisha ule wasiwasi aliozaliwa nao, uliokuwa ukimkaba shingoni kila mbwa akibweka, ukalegea na kushuka, kama mzigo mtu anapoutua kichwani. Kaijage akafumbua macho. Akaona Byabato ana mkuki mkononi, akaona Byabato ana pua kubwa kwelikweli, na hayo mawili yakamfurahisha kwa kiasi kilekile.

"Byabato," alisema, "hivi ile migomba ya mpakani ilikuwa upande gani wa kichuguu?"

Byabato alifungua mdomo ajibu, akagundua kwamba hajui.

"Nami sijui," alisema Kaijage, akaanza kucheka hata akakosa pumzi.

Kagemulo ndiye aliyeelewa kwanza. Alimwendea mzee Rutabingwa, akaweka sikio kifuani pake juu ya kibuyu, akasikiliza kwa makini, kisha akainuka akijifuta uso. "Huyu mzee anakoroma," alisema. "Baba Kokusima hukoroma hivihivi kila siku ya mvua. Ninyi kwenu hamkoromi?" Ndugu wale wakasogea mmojammoja, wakainama, wakasikiliza. Mikuki ikashuka. Lakini hapakuwa na aliyethubutu kuirudisha nje, wala kuondoka, wala kusema neno la furaha, maana mtu anaweza kukoroma leo na asiamke. Waliketi wakangojea, na hakuna kungoja kulikokuwa kurefu katika ua ule kuliko huko. Kokusima alikaa miguuni pa mzee akimfukuzia nzi, na Kaijage naye akapitiwa na usingizi begani pa mzee.

Ng'ombe waliporudi kutoka machungani, dume moja lilipita karibu na ua likalia. Rutabingwa akafumbua jicho moja. Akalitazama anga, akamtazama msichana aliyekuwa akimpepea, akawatazama wanawe waliomzunguka na mikuki.

"Mnamwinda nani?" aliuliza.

Byabato alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, akafunika uso kwa mikono. Mzee akajiinua kwa kiwiko, akahisi kibuyu kiko kifuani, akakitikisa karibu na sikio. Kulikuwa na kitu kidogo kimebaki chini. Rutabingwa akautafuta mrija kwa mdomo, akavuta mpaka ukatoa ule mlio wa utupu, akalamba midomo. Kisha akakigeukia kile kichwa cha Kaijage kilichokuwa kimelala begani pake, akamgusa aamke, akampa kibuyu kwa mikono miwili.

Kaijage alikipokea, akakigeuza mdomo chini. Halikudondoka tone. Akalia mbele ya wakwe zake bila kujificha, kwa sauti, na Kokusima akalia, na Mugyabuso akacheka na kulia pamoja, na vigelegele vikapanda kutoka jikoni hata ng'ombe wakashtuka wakatawanyika. Kagemulo alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa peke yake kitambo, akishusha pumzi, kisha akarudi akaanza kugawa vibuyu. Byabato alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na wa pili pia.

Mzee alielezwa yote yaliyopita alipokuwa amelala. Alisikiliza akikuna kidevu. Ulipofika wakati wa kuaga, akiwa ameshikwa huku na huku kwa sababu miguu yake ilikuwa bado na mawazo yake yenyewe, alisimama mbele ya Kaijage.

"Siku nyingine utakayonipa hiki kitu, anza wewe," alisema. "Sikwambii kwa kuwa sikuamini. Leo ulikunywa baada yangu, na mpaka hapo ulipokunywa nililala kwenye ua wako peke yangu. Mimi sipendi kutangulia peke yangu mahali nisipopajua. Anza, nami nitakufuata. Kama ni kifo, tumekwenda wote. Kama ni utamu, utakuwa umeniibia funda chache, nami nimekusamehe."

Na tangu siku hiyo katika nchi hii ya migomba mtu hakamui ndizi akaridhika na mramba mtupu. Mwanamume hukanyaga, mwanamke hukaanga mtama wake na kuusaga, unga ukatiwa mtumbwini kwa makusudi, ukafunikwa kwa majani, ukaachwa ulale. Ukiamka una povu na joto, ndiyo rubisi, na watoto hawapewi. Na mwenye rubisi, awe maskini au mtemi, huteka kibuyu cha kwanza akanywa mbele ya wageni wake mpaka chini. Huo si uroho. Anawaambia kwamba kama kuna baya ndani, limeanza na yeye.

Haya, mtazameni. Amemaliza, amesimama, na miguu inamtii, au inamtii kiasi. Anakuja na chenu. Wewe mwenye koti, acha kunyoosha mkono mmoja. Pokea kwa miwili, na ukimaliza, kirudishe vivyo hivyo.